Fishi Mbili za Dada Niliyemzika

Dada yangu tulimzika mwaka jana, kabla ya Pasaka.

Jumanne moja mwaka huu, kompyuta ikaniambia yuko Beni, ana mtoto, na mtoto huyo amefikia umri wa chanjo ya surua.

Nilisoma. Nikanywa chai iliyokuwa mezani. Nikasoma tena.

Fishi mbili, yaani kadi za taarifa za wagonjwa, zilikaa bega kwa bega kwenye skrini. Juu yake kulikuwa na maneno ambayo niliyaandika mimi mwenyewe: "Huenda ni mtu mmoja."

Chini yake, kitufe cha kuunganisha.

Msomaji, usiniulize kama nilipiga kelele. Sikupiga. Nilisikia jenereta ya jirani ikizimika, nikafikiri, aah, mafuta yamemwishia. Ndicho kitu pekee nilichofikiri kwa muda mrefu.

Ngoja nianze vizuri, ili usipotee.

Humu niite Lusenge. Nafanya kazi Butembo, kwenye shirika dogo lenye vituo vya afya kwetu na vingine Beni. Jina la shirika naliacha. Kompyuta sikuisomea darasani. Nilikuwa natengeneza simu pale mtaa wa Kimemi, nikajifunza kwa kufungua vitu na kuvirudisha vilivyokuwa.

Kazi yangu ni kutafuta fishi zinazojirudia.

Kwetu watu wanakimbia sana. Mama anaandikishwa Butembo, baadaye vita vinamsukuma, anaandikishwa upya Beni. Fishi mbili, mtu mmoja. Fishi ya kwanza inasema penisilini inaweza kumuua. Ya pili haijui. Siku akichomwa sindano kwenye kile kituo cha pili... umeelewa.

Kwa hiyo naipa kompyuta kanuni. Ukiona hiki na hiki na hiki vinafanana, nionyeshe.

Nilipoanza niliweka jina na mwaka wa kuzaliwa. Kompyuta ikaniletea nusu ya mji! Wewe wa Butembo unacheka kwa sababu unajua. Kwetu Wanande jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa tatu ni Kavugho, kwangu, kwako, na kwa jirani yako. Programu iliyotengenezwa mbali haijui hilo. Inaona Kavugho na Kavugho, inafurahi.

Nikapunguza uzito wa jina. Namba ya simu nayo nikaipunguza, maana simu moja inaandikishwa na familia nzima pamoja na wapangaji wao. Uzito nikauweka kwenye jina la mama mzazi, kijiji cha asili, na dawa inayomdhuru mtu.

Kanuni ikatulia. Ikawa inaleta jozi chache, na nyingi ni za kweli.

Na Jumanne ile ikaleta hii.

Kushoto: Kavugho Tamar, wa Butembo. Mama yake Marie-Jeanne Kasika. Asili, Kalunguta. Asipewe penisilini.

Kulia: Kavugho Agar, wa Beni, mtaa wa Mulekera. Mama yake Marie-Jeanne Kasika. Asili, Kalunguta. Mwaka uleule. Asipewe penisilini.

Marie-Jeanne Kasika ni mama yangu. Na mama yangu ana Kavugho mmoja tu.

Fishi ya kushoto ilikuwa na kitu kimoja zaidi. Mtu wa kuarifiwa: Delphin, mume. Na namba yake ya simu.

Hapo nisikilize, kwa sababu kila kitu kinasimama hapo.

Fishi zikiunganishwa, ile ya zamani ndiyo inayotawala. Mtu wa kuarifiwa anahamia kwenye fishi mpya. Na mtoto akifikia chanjo, mfumo unamtumia huyo mtu mesaji: mlete mtoto wa fulani, kituo fulani, siku fulani. Jozi zenye alama za juu zingeunganishwa zenyewe Ijumaa, bila mkono wa mtu.

Yaani Ijumaa, Delphin angepata mesaji kwamba mke wake aliyemzika yuko Mulekera na mtoto.

Siku ile sikuona ubaya wowote. Niliona ni kama zawadi. Delphin alimlilia dada yangu mpaka wanaume wenzake wakamshika mikono. Tangu msiba hajaoa. Anapita nyumbani kwetu na maharage, anamwita mama yangu mama.

Nilitaka tu kuhakikisha kwanza. Ndivyo nilivyo.

Nikaenda kwa Solange, mkuu wangu. Nikamwomba aniruhusu kwenda Beni kukagua jozi zenye shaka, kumuuliza mhusika mwenyewe, kama tunavyofanya siku zote. Nikamwonyesha ile moja.

"Hii alama yake iko juu kabisa," akasema. "Shaka iko wapi?"

"Huyu wa kushoto amekufa."

Aliangalia fishi, akaniangalia mimi. Alijua jina la mama yangu. Alikuja kwenye msiba.

"Enda," akasema. "Lakini Ijumaa mashini inaunganisha. Ukiwa na neno, uniletee mbele ya saa sita."

Jioni Delphin akapita nyumbani na ndizi. Yeye anauza vipuri vya pikipiki, na kila Alhamisi hupeleka mzigo Beni. Akasikia nina kazi Mulekera. Akasema nitapanda pikipiki yake, nauli ya nini kati ya ndugu. Tunaitana beau, yaani shemeji.

Mama yangu alikuwa anakoroga ugali. Mwiko ukasimama.

"Uende na gari," akaniambia.

"Kwa nini, Mama? Beau anaenda palepale."

"Barabara ni mubaya. Uende na gari."

Nilifikiri anaogopa barabara. Kila mtu anaiogopa barabara ile. Nikamwambia Mungu yupo. Ugali uliungua kidogo chini. Tulikula hivyohivyo.

Alhamisi asubuhi nikakaa nyuma ya Delphin, begi tumboni. Ndani ya begi kulikuwa na karatasi yenye zile fishi mbili. Mgongo wake ulikuwa mbele ya uso wangu. Nilipanga kumwambia taratibu, tukipumzika njiani, ili asiushike usukani akiwa na habari kama hiyo.

Tulipumzika Kabasha. Akanunua mahindi ya kuchoma, akanilipia na yangu.

"Beau," akasema, "ni hapa nilimukamatia."

"Nani?"

"Dada yako. Alikuwa amepanda lori ya mbao. Ile ilikuwa mara ya pili. Nilimushusha mbele ya batu bote." Akacheka kwa upole, akitoa punje katikati ya meno. "Alipenda kukimbia, yule. Mara tatu. Na mara tatu nilimurudisha. Kichwa nguvu."

Nikamuuliza alikuwa anakimbia nini.

"Bibi anakimbia nini? Anakimbia kusahihishwa."

Aliendelea kula. Akasema alimpenda, Mungu shahidi. Akasema kama angekuwa muzima hata leo, hata angejificha Kinshasa, angemfuata tu, maana mwanamume haachi kitu yake barabarani. Alisema hivyo kama mtu anayekuambia atapita sokoni.

Mahindi yalikuwa ya moto. Niliyamaliza yote. Sijui kwa nini nawaambia hilo.

Sikumhukumu pale. Watu husema maneno. Lakini ile karatasi ilibaki begini, na njia yote iliyobaki nilikuwa nashika chuma cha nyuma ya kiti badala ya mabega yake.

Akanishusha mlangoni pa kituo cha Mulekera. Akasema atanipitia akimaliza mzigo.

Alhamisi ni siku ya kupima watoto. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, watoto wananing'inia kwenye mzani wakilia. Nesi wa pale anaitwa Bénite, tunajuana kwa simu. Nikamwambia natafuta jozi zangu, akaniambia nikae, atawaita mmojammoja kama kawaida.

Nikakaa karibu na dirisha.

Akaita wawili, watatu. Kisha akasema: "Agar, leta Shalom."

Mwanamke wa benchi ya mwisho akasimama.

Alikuwa amenyoa nywele. Amekonda shingoni. Anatembea kama dada yangu, bega la kushoto mbele.

Nilimtazama nikiwa nimetulia, kama ninavyotazama skrini. Mama, sawa. Kijiji, sawa. Mwaka, sawa. Bega, sawa.

Akaniona.

Hakunikimbilia. Hakulia. Hata hakunitazama mimi... alitazama mlango ulio nyuma yangu.

"Yaya," akasema, ndivyo anavyoniita mimi kaka yake. "Uko na nani?"

Hilo ndilo neno la kwanza ambalo marehemu dada yangu aliniambia.

Tulikaa nyuma ya jengo, kando ya tanki la maji ya mvua. Mtoto alishika kidole changu akakitia mdomoni. Ana meno mawili. Nikamwambia Delphin ndiye aliyenileta, yuko mjini na mzigo. Alifumba macho kidogo, akayafungua, akaanza kusema haraka, kama mtu anayewahi kabla taa haijaisha mafuta.

Sitayaandika yote. Alinionyesha mkono uliovunjika ukaunga vibaya. Sisi tuliambiwa alianguka na mtungi. Alinionyesha sehemu nyingine ambazo hatukuambiwa chochote. Mara ya nne alipanga vizuri. Alijua ana mimba, na alijua ile mimba nayo ingesahihishwa. Siku ambayo wanawake wa pale walikwenda shambani pamoja, upande wa Kalunguta, alitoka nao, akawaacha njiani, akaingia kwenye lori la makaa. Kabla ya jua kupanda alikuwa Beni.

Siku hiyohiyo wale watu wa msituni, wenye bunduki na mapanga, walishuka kwenye mashamba wakaua.

Yeye alisikia kwenye redio, akiwa amekaa sokoni Mulekera na mfuko mmoja.

Nikamuuliza kwa nini aliandikisha jina la mama, kama alikuwa anajificha.

"Langu nilibadilisha," akasema. "Lile lilinishinda. Uchungu umenishika, Bénite anauliza mama yako ni nani. Mutu anadanganya hiyo namna gani?"

Nikamuuliza nani mwingine anajua.

Alinitazama kwa mshangao, kwa mara ya kwanza.

"Mama hakukuambia?"

...

Kila mwezi mama yangu huaga kwamba anakwenda Beni kununua mawese, huko ni mazuri na bei ni nzuri. Na kweli yalikuwa mazuri. Tulikuwa tunayala.

Mama yangu. Nilimshika bega kaburini. Nilimlaza kitandani kama mtoto. Mimi mwenyewe niliacha kula kwa siku nyingi, na yeye alikuwa anakaa mbele yangu, ananibembeleza nile, huku akijua.

Nilitafuta hasira ndani yangu. Haikuwepo. Palikuwa kama chumba kilichohamwa.

Nje, honi ikalia. Mara mbili, fupi.

Sikuitambua. Yeye aliitambua. Alimfunga mtoto mgongoni kwa mwendo mmoja, na Bénite, ambaye sijui alikuwa amesimama pale tangu lini, akafungua mlango wa stoo unaotokea upande wa pili. Hakuuliza lolote. Nadhani yule nesi amewahi kuufungua mlango ule kwa ajili ya wengine.

Nikatoka mbele.

"Ulipata mutu wako?" Delphin akauliza.

"Hapana," nikasema. "Ni watu wawili. Bamefanana tu."

"Hiyo mashini yenu." Akacheka, akawasha pikipiki.

Nikapanda. Njia yote hadi Butembo nilikuwa nyuma yake, na nilifikiri jambo moja tu: kesho saa sita.

Ijumaa nilipoamka, mama alikuwa ameketi mlangoni na ungo wa maharage. Nikaketi kando yake.

"Umemuona," akasema.

"Nimemuona."

"Amenona?"

"Bado."

"Yule mutoto ananyonya sana. Nilimuambia akule karanga."

Nikamuuliza: Mama, tulimzika nani?

Vidole vyake viliendelea. Jiwe huku, harage kule. Akanieleza bila kuinua macho, na mimi nawapa kama alivyonipa.

Asubuhi ile Tamar alikuwa amempigia kwa simu ya mtu, kutoka Beni. Kwa hiyo mama alipoitwa morgi, kule wanakohifadhi maiti, alikwenda akijua mtoto wake ni mzima. Alikwenda kwa sababu asipokwenda wangejiuliza. Miili ililetwa kwa gari hadi Butembo, na nyuso nyingine hazikuwa za kutazamwa. Wanawake wa upande ule walikuwa wameshona kitenge kimoja, cha jubile ya parokia. Kila mama alikuwa nacho.

Delphin akaona kitenge. Akaona urefu. Akasema, ni yeye.

Lakini mnajua desturi yetu. Mume anaweza kusema, mashemeji wanaweza kusema. Mwisho wote wanamgeukia aliyezaa. Yeye ndiye anayefunga neno.

"Bakanigeukia," mama akasema. "Nikafunua mukono ya yule binti. Nikaona kitu. Kama ni wangu ama hapana wangu, nilijua mbele, hata sijafunua. Lakini pale nikaona ni mutoto wa mutu. Mutu alimulea."

Akalitupa jiwe moja uani.

"Ningesema hapana, Delphin angetoka pale moja kwa moja kutafuta. Nikasema ni yeye."

"Na mama yake, yule mwingine?"

Hapo ndipo alipoacha maharage.

"Kila Jumapili niko pale," akasema. "Batu banazani nalilia Tamar. Tamar nitamulilia nini? Nalia ju ya yule. Jina simujui. Namuita tu mwanangu."

Kisha akaniinamia sikioni, akaniambia kile alichokiona kwenye mkono.

Sikumlaumu. Sikumsamehe pia. Nilivuta ungo ukakaa kati yetu, tukamaliza kuchambua.

Saa nne nilikuwa mbele ya Solange. Nilikuwa na njia ya mkato: kubonyeza "si mtu mmoja" na kwenda nyumbani. Dada yangu angekuwa salama. Lakini nilikuwa nimeufikiria ule mlango wa stoo. Kwenye mfumo wetu kuna wanawake wangapi waliobadilisha jina wakashindwa kubadilisha la mama? Kila mmoja wao, fishi yake ya zamani ina mtu wa kuarifiwa.

Nikamwambia hivyo, bila kumtaja mtu. Kwamba mtu wa kuarifiwa anaweza kuwa ndiye anayekimbiwa.

Solange alizungusha kalamu.

"Na yule wa kushoto?" akauliza.

"Bado."

"Bado ni jibu?"

"Kwa leo, ndiyo. Hiyo jozi ikae pembeni."

Hakuuliza tena. Akasema: "Basi ondoa hiyo kitu kwenye kanuni. Ondoa kwa bote. Dawa zihamie, simu ya mutu isihamie. Bibi aulizwe upya, yeye mwenyewe, bila mutu karibu."

Ikachukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Saa sita mashini ikaunganisha jozi zake, na jozi yangu ikabaki pembeni, peke yake. Simu ya Delphin haikulia.

Hadithi ingeishia hapo. Mimi nilidhani imeishia.

Nikampigia Tamar kumwambia hatari imepita. Nilitegemea ashukuru. Nikamsikia mtoto akinyonya.

"Yaya," akasema, "yule mama banamuambia nini?"

"Mama gani?"

"Ya yule binti."

Nikamwambia sijui. Pengine hawamwambii kitu. Pengine bado anangoja.

Akasema tangu azae hamtoki kichwani. Kabla ya hapo alikuwa anashukuru tu kwamba kaburi lipo. Sasa akimpakata Shalom anamwona mwanamke fulani, hamjui uso, ambaye kila mlango ukilia anageuka.

"Museme," akaniambia.

Mama alikataa. Alikataa kwa siku nyingi. Alisema amechukua dhambi ile mwenyewe, ataibeba mwenyewe, na kaburi likifunguliwa mdomo, Delphin atajua. Walibishana kwa simu yangu, mimi nimeishika katikati na sauti imefunguliwa, kama mti wa kuanikia nguo. Mwisho Tamar akasema neno lililomnyamazisha mama.

"Mi niko na miguu, Mama. Naweza kwenda mbali zaidi. Yule binti hana. Amefungiwa na jina langu."

Wiki hiyo akaondoka Mulekera na mtoto. Tulimwomba asituambie anakwenda wapi. Mnaelewa maana ya hilo? Mama yangu alikuwa na safari moja kwa mwezi, na kikapu, na kisingizio cha mawese. Alivitoa vyote. Alivitoa kwa ajili ya mwanamke ambaye hamjui.

Kisha, mchana mmoja, Delphin akaja na maharage yake. Mama akamkalisha, akampa maji, akamwambia kwamba yule tuliyemzika si Tamar, na kwamba yeye alijua.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningetaka sana kuwaambia kwamba nilikosea juu ya mtu huyu. Nilimpa nafasi mpaka dakika ile. Machozi yake ya msibani niliyaona kwa macho yangu, na hadi leo naamini yalikuwa ya kweli.

Angeweza kuuliza kama ni mzima. Angeweza kuuliza kama anaumwa, anakula nini, mimba ilikwendaje. Angeweza hata kumtukana mama yangu.

Aliweka kikombe chini.

"Iko wapi?" akasema.

Basi. Hilo tu.

"Sijui," mama akamjibu. Na ilikuwa kweli.

Akasimama, akachukua kofia yake. Maharage aliyaacha. Hajarudi tena, na nasikia anauliza watu barabarani. Aulize.

Ndiyo maana naandika leo.

Majina ya watu humu nimeyabadilisha yote, pamoja na langu. Kalunguta sikuibadilisha, kwa sababu kuna mtu mmoja anayepaswa kuitambua.

Kama binti yako alikwenda shamba upande ule mwaka jana, kabla ya Pasaka, amevaa kitenge cha jubile, na hakurudi. Kama uliambiwa alichukuliwa msituni, au hukuambiwa kitu. Kama kila morgi uliyokwenda ulikuta miili yote imekwisha kupata wenyewe... basi mmoja wa miili hiyo ulikuwa kwetu. Tumemtunza. Tulimsomea misa. Hakuzikwa peke yake.

Niandikie inboksi.

Lakini usiniandikie kuhusu kitenge. Usiniandikie urefu, wala rangi, wala umri. Usiniandikie kwamba alikuwa Kavugho, maana Kavugho ni wengi. Vitu vinavyofanana vinatosha kumfanya mtu asimame na kutazama, havitoshi kumfanya aseme "ni yeye." Hilo ndilo nililojifunza kazini, na nimelilipia nyumbani.

Niandikie kuhusu mkono wake wa kulia. Kuna kitu pale. Mama yangu anakijua, mimi nakijua, na wewe uliyemlea unakijua. Ukikitaja, sitakuuliza swali la pili.

Jina la dada yangu tumelibandua msalabani. Mbao imebaki nyeupe pale lilipokuwa.

Na kama huna simu, mtu amekusomea tu maneno haya, njoo makaburini Butembo Jumapili yoyote, baada ya misa ya kwanza. Usiulize njia kwa jina. Mtafute mama mmoja aliyepiga magoti mbele ya msalaba usioandikwa kitu.

Anakungoja wewe.